Kichwa Kipi kwa Fluti ya Mwanafunzi? Vichwa Vitano Vikilinganishwa

Kaskazi ilikuwa imeshika, na mchana ule hapa Bagamoyo hata paka walikuwa wamejilaza vivulini. Mama mmoja alipiga hodi kwangu Magomeni, mkononi ana kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Akakifungua taratibu. Ndani kulikuwa na kichwa cha fluti cha fedha, kinang'aa, alichotumiwa na ndugu yake aliye ughaibuni.

"Mwalimu, naomba umvalishie mwanangu hiki kwenye fluti yake. Ile yake haitoi sauti za chini."

Nilikijaribu, hakikuingia. Nilichukua venia kalipa, chombo cha kupimia unene, nikapima: kilikuwa kinene kuliko nafasi yake kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi moja ya daftari. Ndipo nikakigeukia kichwa cha zamani, kile kilicholaumiwa. Kizibo chake kilikuwa kimekauka na kusinyaa, hewa inapita pembeni. Nilibadilisha kizibo, na jioni ile mtoto alipiga noti ya C ya chini bila kuhangaika.

Pesa zilikuwa zimeshatumika, kichwa kipya kiko mezani, na kilichohitajika kilikuwa kizibo. Naandika haya kwa ajili ya wazazi, wanafunzi na walimu wa kwaya waliosimama njia panda kama mama yule. Nitavilinganisha vichwa vitano: kile kilichokuja na fluti yenyewe, kilichopinda cha watoto, cha fedha kutoka kiwandani, kilichokatwa kwa mkono, na cha mpingo.

Tuelewane majina kwanza

Kila mpigaji ana majina yake, basi haya ndiyo nitakayotumia. Fluti ina vipande vitatu: kichwa, kiwiliwili na mguu. Kichwani kuna bamba la mdomo, na katikati ya bamba kuna tundu la kupulizia. Tundu lina kuta fupi zinazoshuka hadi kwenye bomba, kama milimita 5 hivi, nazo nitaziita shingo. Upande wa kushoto bomba limefungwa kwa kizibo, na juu ya kizibo kuna kofia. Upande wa kulia kuna ulimi, sehemu inayozama ndani ya kiwiliwili. Pale unapozama ndipo kooni. Ulimi na koo: mengi ya makala haya yanahusu hao wawili.

Bomba la kichwa halina upana mmoja. Fundi Mjerumani Theobald Boehm, wa München, ndiye aliyetoa muundo huu mwaka 1847: kiwiliwili kina upana mmoja wa milimita 19 ndani, lakini kichwa hubana kidogo kidogo kadiri unavyoelekea kwenye kizibo, hadi milimita 17 hivi. Mbano huo ndio unaofanya oktavu za fluti, yaani noti za jina moja za chini na za juu, zipatane. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini kipande hiki kifupi kina nguvu kubwa kuliko bomba refu lenye vibonyezo vyote.

Vigezo vya kupimia

Kuingia. Ulimi unatakiwa uzame kooni kwa kuzungushwa polepole, bila kusukumwa kwa nguvu, na ukishazama usicheze wala usiteleze wenyewe. Watengenezaji hawana kipimo kimoja. Ulimi wa fluti nyingi uko karibu na milimita 20 kwa nje, ila huyu ana 19.7, yule 19.9, na tofauti hiyo inatosha kukukwamisha au kukuvujishia hewa. Hata chapa moja inaweza kubadili kipimo toleo kwa toleo, kwa hiyo jina lililochongwa kwenye bomba halitoshi kukuhakikishia.

Kutyuni, yaani kulinganisha sauti ya fluti na ya ala nyingine. Hapa Pwani kigezo hiki kina uzito kuliko wanavyofikiri wanaoandika kutoka nchi za baridi. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, na karibu mita 349 ikifika nyuzi 30. Fluti ikipata joto, sauti yake hupanda. Ingawa pumzi ya mpigaji tayari ina joto lake, mpigaji wa Bagamoyo mwezi wa Februari hukuta sauti yake iko juu kuliko ya kinanda, na kinanda hakimfuati mtu. Fluti nyingi za Japani, zikiwemo za Yamaha, hutengenezwa kwa noti ya A ya hezi 442, yaani mitetemo 442 kwa sekunde, ilhali vinanda vyetu vya kanisani na studio viko 440. Kwa hiyo sisi huvuta kichwa nje, milimita 5, wakati mwingine 7 au 8. Kichwa kipya kikiwa kifupi kuliko cha asili, utalazimika kukivuta zaidi ya hapo, na ulimi utabaki umeshikiliwa na kipande kidogo cha koo. Oktavu nazo zinaanza kuachana.

Sauti na mwitikio. Je, noti za chini zinatoka bila kulazimishwa? Za juu zinaitika ukipuliza kwa upole? Hapa watu hukimbilia kuuliza madini: fedha, dhahabu, mbao? Mwaka 1971 mwanafizikia Mmarekani John Coltman alichapisha jaribio la fluti tatu rahisi zisizo na vibonyezo, moja ya fedha, moja ya shaba, moja ya mbao, zote zikiwa na vichwa vilivyofanana. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha, wala wapigaji wenyewe walipofichwa ni ipi wameshika. Mwaka 2001 watafiti wa Vienna walijaribu fluti saba za Muramatsu zenye muundo mmoja, kuanzia ya kuchovya, yaani ya madini mengine yaliyopakwa fedha juu, hadi ya platini, na matokeo yakaelekea upande uleule. Nami niliwahi kutundika kanga mlangoni, wanafunzi upande mmoja, mimi na vichwa vitatu upande wa pili. Waliweza kusema lini nimechoka, hawakuweza kusema lini nimebadili madini. Kinachobadilisha sauti ni umbo: ukubwa wa tundu, ambalo kwa kawaida ni kama milimita 12 kwa 10, ukali wa ukingo wake, mteremko wa kuta zake, urefu wa shingo, na jinsi bomba linavyobana. Ukiambiwa kichwa fulani ni bora kwa kuwa ni cha fedha, uliza tundu lake limekatwaje.

Utunzaji. Tunaishi na chumvi ya bahari, unyevu na jasho. Fedha huingia weusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani na jashoni. Weusi huo hauharibu sauti, lakini anayeufuta kila wiki kwa dawa kali huila fedha yenyewe. Ya kuchovya ikikwaruzika, madini ya chini huanza kuliwa. Mbao zina mambo yake, tutayafikia.

Gharama na fundi. Bei ya kichwa ni mwanzo tu. Ongeza usafirishaji, ushuru, na nauli ya kwenda kwa fundi, maana hapa mjini fundi wa ala za kupuliza ni wa kutafuta. Wengi wetu hupanda basi kwenda Dar es Salaam, kilomita 70 hivi.

Kichwa kilichokuja na fluti

Kuingia: hakuna kinachokishinda, kilizaliwa na koo hilo. Kikikaza, mara nyingi ni uchafu. Kikilegea, huenda miaka ya kukisukuma kwa pembe imekila.

Kutyuni na sauti: viwanda hukata tundu la kichwa cha mwanafunzi kwa umbo linalosamehe makosa. Mtoto akipeleka pumzi pembeni kidogo, sauti bado inatoka. Malipo yake ni kwamba ukikomaa utaona kuna dari, hukui zaidi ya hapo: sauti kubwa haikui tena, sauti ndogo inakatika. Lakini dari hiyo iko mbali kuliko wengi wanavyodhani. Nimesikia fluti za Yamaha za mfululizo wa 200 zikijaza ukumbi bila kipaza sauti, mikononi mwa mtu aliyefanya noti ndefu kila asubuhi kwa miaka.

Kabla hujakihukumu, kipime. Ziba ulimi kwa kiganja, weka midomo kwenye tundu na unyonye hewa. Mvuto ukibaki kwa sekunde kadhaa, kichwa hakivuji. Ukipotea upesi, kizibo au maungio ya shingo yana tatizo. Kisha ingiza kijiti cha kusafishia, upande wenye mchoro: mchoro uonekane katikati kabisa ya tundu. Kutoka kwenye kizibo hadi hapo ni milimita 17. Mwisho piga D ya chini, ya kati na ya juu ukiwa na programu ya tyuna kwenye simu. Zikiachana sana, kizibo kimehama. Na mkanye mtoto asiichezee kofia, kwa sababu kila akiizungusha anakihamisha kizibo.

Utunzaji: kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, ndani na nje, basi.

Gharama: kizibo kipya na kazi ya fundi ni sehemu ndogo sana ya bei ya kichwa kingine.

Kinamfaa aliye katika miaka yake ya mwanzo, na yeyote ambaye bado hajakifanyia vipimo hivi.

Kichwa kilichopinda

Hiki huzunguka kama mpini wa bakora na kurudi, hivyo tundu linakaribia mikono. Fluti iliyonyooka ina sentimita 67 hivi. Mtoto wa miaka sita au saba hunyoosha mikono, shingo ikapinda, bega likapanda, na maumivu yakaanza kabla ya muziki.

Kuingia: kinunuliwe pamoja na fluti. Kampuni kama Jupiter na Trevor James huuza sanduku lenye vichwa viwili, kilichopinda na kilichonyooka, vyote vya koo moja. Sishauri kutafuta kilichopinda cha chapa nyingine. Mtoto atakitumia kwa miaka michache tu, na ulimi usiokaa sawa humsumbua kuliko mtu mzima, kwa kuwa kichwa hiki huwa na tabia ya kuzunguka kikaivuta fluti nzima.

Sauti: iko karibu sana na ya mwenzake aliyenyooka. Mstari wa hewa ni uleule, umekunjwa tu.

Utunzaji: kijiti hakipiti kwenye kona. Tumia kitambaa chembamba chenye uzi na kizito kidogo mwishoni, kiingie upande mmoja kitoke upande wa pili. Unyevu ukibaki kwenye kona hiyo katika hewa yetu, harufu utaisikia ukifungua sanduku.

Kinamfaa mtoto ambaye mkono wake wa kulia haufiki vibonyezo bila kuvuta bega. Siku unayoona ameanza kufika, mpe kilichonyooka bila kusubiri siku yake ya kuzaliwa.

Kichwa cha fedha kutoka kiwandani

Hapa nazungumzia vichwa vya fedha ya 925, yaani sehemu 92.5 kati ya 100 ni fedha halisi, vilivyotengenezwa na viwanda vikubwa kwa ajili ya fluti za daraja la pili. Yamaha, kwa mfano, wana mfululizo wa 300 ambao kichwa ni cha fedha halisi, kiwiliwili ni cha kuchovya. Wamiliki wakipanda daraja huuza, na vichwa hivi hupatikana vikiwa vimetumika.

Kuingia: kama fluti yako ni ya kampuni ileile, bahati iko upande wako, ila pima hata hivyo. Kama fluti yako haina jina linaloeleweka, zile zinazouzwa kwa bei ya chini madukani, jiandae kwa kazi ya fundi. Nimepima makoo ya fluti za namna hiyo ambayo hayakuwa duara kamili. Venia ilitoa kipimo kimoja ikiwa wima, kingine ikiwa imelala.

Sauti: mwitikio wa noti laini huwa mzuri zaidi kuliko wa kichwa cha mwanafunzi. Wengi husema ni fedha. Kwa niliyoeleza juu, naamini ni kwa sababu kiwanda hutumia mkato ulio makini zaidi kwenye kichwa cha daraja hili. Huo mkato hausamehe makosa kama wa kwanza: mwenye pumzi iliyotawanyika husikia upepo mwingi kuliko noti.

Utunzaji: mfuko wa kitambaa laini, na mikono iliyooshwa. Usimpelekee sonara akupigie msasa kikang'ae. Masonara wetu wanajua fedha kuliko mimi, lakini ukingo wa tundu ukipigwa dawa ya kung'arishia hata mara moja, unapoteza ukali wake na sauti inakwenda nao.

Gharama: ya kati. Kinamfaa mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne ambaye fluti yake ni nzima, haivuji popote, na anajua kwa maneno yake mwenyewe kinachomkwamisha. Akisema tu "nataka sauti nzuri", asubiri.

Kichwa kilichokatwa kwa mkono

Hapa kuna nyumba zilizoanzia Boston, Marekani, kama Haynes, iliyoanza 1888, na Powell, iliyoanza 1927. Kuna Wajapani kama Muramatsu na Sankyo. Kuna mafundi wa Ujerumani kama Lafin na Mancke wanaojulikana hasa kwa vichwa. Fundi huketi na kisu na msasa laini akalimaliza tundu moja moja.

Kuingia: wengi huuza kichwa ulimi wake ukiwa mnene kidogo kwa makusudi, ili fundi wako aupunguze hadi ulingane na koo lako. Huu ni uungwana wao, lakini unadai uwe na fundi. Fedha iliyoondolewa hairudi. Ukishakipunguza kwa koo la fluti ya mwanafunzi, kesho ukinunua fluti nyingine yenye koo pana zaidi, kitahitaji kupanuliwa. Kupanua kunawezekana, kuna chombo chake, ila chuma kinachopanuliwa na kupunguzwa mara nyingi huchoka.

Sauti: hapa ndipo kuna utajiri, na hapa ndipo pa kwenda polepole. Tundu lenye umbo la mraba uliolainishwa kona huwa na noti za chini zenye kifua. Tundu la yai dogo huitika wepesi juu. Kuta zikipanuliwa kwa chini, noti inaruka upesi. Zikipanuliwa mno, sauti inasambaa, haina kiini. Shingo ndefu humpa mpigaji kitu cha kusukumana nacho, shingo fupi ni nyepesi na ina mng'ao. Kuna mabamba yenye mabawa pande mbili za tundu, yanayomsaidia mwenye midomo isiyopata shabaha. Midomo yetu haifanani. Mwanafunzi wangu mmoja alikipuliza kichwa ambacho mimi kilinishinda, akakiimbisha pale pale. Ndiyo maana maduka mengi ya Ulaya na Marekani hukuachia vichwa kadhaa uvijaribu kwa siku chache ndipo uchague. Sisi tulio mbali hatuna raha hiyo: kukirudisha kifurushi baharini au angani kunagharimu. Ukipata safari, au ndugu mpigaji anayesafiri, mpe fluti yako yenyewe aende nayo. Kichwa kijaribiwe juu ya kiwiliwili kitakachokibeba.

Tahadhari ya kutyuni nimeshaisema. Hapa ina uzito zaidi, kwa kuwa baadhi hutengenezwa vifupi kwa ajili ya okestra zinazopiga 442 au juu yake.

Gharama: kwa kawaida huanzia zaidi ya dola 1,000 za Marekani kikiwa kipya, mara nyingi ni ghali kuliko fluti nzima ya mwanafunzi. Kinamfaa mpigaji aliyekomaa ambaye ana kiwiliwili kizuri kinachostahili kichwa hicho. Kukiweka juu ya fluti ambayo vibonyezo vyake vinavuja ni kumvisha joho mtu mwenye njaa.

Kichwa cha mpingo

Hiki kiko karibu na moyo wangu. Mti unaotumika zaidi duniani kutengenezea vichwa vya mbao vya fluti, pamoja na klarineti na oboe, ni huu wetu, mpingo, wa Kilwa, Lindi na Ruvuma. Ni mzito hadi unazama majini. Unakatwa hapa, unasafiri Ulaya, unarudi ukiwa kichwa chenye pete ya fedha.

Kuingia: vingi vina ulimi wa fedha uliopachikwa kwenye mbao, kwa hiyo hukaa kwenye kiwiliwili cha chuma kama vingine. Vipimo ni vilevile, ila fundi asiupashe ulimi huo moto, gundi iliyoushika itaachia.

Sauti: kuta nene na ukingo wa mbao humpa mpigaji hisia nyingine mdomoni, na mikato yake mara nyingi hulenga sauti ya duara, isiyo na ukali. Katika kwaya ndogo au pamoja na zeze na marimba inachanganyika vizuri. Mbele ya bendi yenye vipaza sauti inaweza kumezwa.

Utunzaji: kipya kipigwe dakika 15 hadi 20 kwa siku wiki za kwanza, uongeze polepole. Kifutwe ndani kila mara. Unyevu wetu wa Pwani unakipenda kuliko baridi kavu ya Ulaya. Hatari yake kwetu ni kiyoyozi. Kutoka kwenye jua la ufukweni ukaingia studio yenye kiyoyozi ukaanza kupiga papo hapo, ndani pumzi yenye joto, nje baridi kavu, hapo ndipo mpingo unapopasuka. Kiache sandukuni robo saa, ukipashe kwa viganja, kisha upige.

Gharama: sawa na vilivyokatwa kwa mkono. Kuhusu mpaka: tangu Januari 2017 jamii karibu yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika na vipande vyake vimeondolewa sharti la kibali. Gogo ghafi ni suala jingine kabisa.

Wengi huniuliza kwa nini wachongaji wetu wasitukatie. Mikono wanayo, nimewaona wakitoa sura za watu kwenye mti mgumu kama jiwe. Lakini kichwa kinahitaji mbao iliyokaushwa kwa miaka, kekee maalumu ya kutoboa bomba linalobana kutoka 19 hadi 17, na tundu lisilokosea zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita. Natamani kuona siku hiyo, na sioni kwa nini isianzie hapa Bagamoyo, mji ambao tangu 1981 una chuo cha sanaa kinachofundisha muziki na uchongaji chini ya paa moja.

Kinamfaa mpigaji wa chumba kidogo, mwenye nidhamu ya kufuta na kusubiri.

Kukivalisha

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilikilazimisha kichwa cha kuazima kiingie kwenye fluti ya mwanafunzi. Kiliingia, kisha kikakataa kutoka. Tulipokitoa, koo lilikuwa na mchirizi unaoonekana hadi leo, na mtoto wa watu alilia. Tangu hapo nafuata utaratibu huu.

Futa ulimi na koo kwa kitambaa kikavu, kisha kwa spiriti kidogo. Uchafu mweusi utakaotoka utakushangaza. Usipake mafuta wala vaselini kwenye ulimi wa chuma. Hukamata vumbi, na vumbi lenye mafuta ni msasa. Pima ulimi sehemu tatu, mwanzo, kati na mwisho, kila sehemu mara mbili kwa kuzungusha robo duara. Pima koo vilevile, na kina chake pia. Ulimi mfupi kuliko kina cha koo huacha pengo ndani ya bomba, na pengo hilo huvuruga noti. Kisha laza vichwa viwili sambamba, kipya na cha zamani, matundu yakilingana, uone ncha ya ulimi ipi imezidi. Hapo unajua kutyuni kutakuwaje kabla hujapiga hata noti moja.

Kikilegea kidogo, zungushia ulimi tepu nyeupe ya mafundi bomba, mzunguko mmoja tu, upige kwa siku chache. Hicho ni kipimo cha kujua kama kichwa kinakufaa. Ukiridhika, fundi aupanue ulimi. Kikikaza baada ya kusafishwa, weka chini, nenda kwa fundi. Usiguse msasa nyumbani.

Kwa hali yako

Kama noti za chini hazitoki, anza na kizibo na vibonyezo, na baki na kichwa chako.

Kama mtoto ni mdogo na bega linapanda, nunua sanduku lenye vichwa viwili.

Kama unapiga kila wiki na kinanda kanisani na muda wote uko juu, usiguse kichwa chochote kifupi kuliko ulicho nacho, hata kiwe kitamu namna gani.

Kama una fluti nzima ya kampuni inayojulikana, umepiga miaka mitatu na bajeti ni ya kati, tafuta cha fedha cha kampuni ileile kilichotumika, ukiwa na vipimo vya koo lako mfukoni.

Kama una fedha za kichwa cha kukatwa kwa mkono na kiwiliwili chako ni cha kawaida, linganisha kwanza bei hiyo na ya fluti nzima ya daraja la kati. Kwa baadhi ya watu fluti nzima itakuwa na faida zaidi. Kwa anayejua atapanda kiwiliwili baadaye, kichwa kinaweza kutangulia.

Kama unapiga na zeze, marimba au kwaya ndogo, na chumba chako hakina kiyoyozi, mpingo unastahili kusikilizwa.

Na kama fluti si yako, ni ya shule au ya parokia, usiruhusu mtu aguse koo lake wala ulimi wa kichwa chake kwa chombo chochote. Chako ndicho kirekebishwe kilifuate koo hilo. Kichwa cha asili kifunge kwenye kitambaa, kirudishe sandukuni, na uandike karatasi ya vipimo uiweke humo humo, kwa ajili ya mwanafunzi atakayeipokea fluti hiyo baada yako.